Elfu kumi ya trafiki haimalizi kesi

Jirani yangu hapa Buhongwa, Mwanza, ana pikipiki tatu, na hajui kuendesha hata moja. Alizinunua kwa pesa ya dagaa, enzi zile alipokuwa akipakia mizigo Mwaloni Kirumba, na sasa kila jioni vijana watatu humletea hesabu getini: elfu nane, na siku mbaya elfu sita na maelezo marefu. Majuzi kijana mmoja alikuja mikono mitupu. Kakamatwa Mkuyuni, hana leseni, kaandikiwa. Mzee akachukua simu, akaomba namba ya malipo, akalipa shilingi 10,000 na kurudi kwenye bao lake.

"Imeisha hiyo, mwalimu," akaniambia. "Leseni elfu sabini. Huyu akikamatwa mara moja kila mwaka, miaka mitano nimetoa hamsini. Si nimebakiza ishirini?"

Nilikaa kimya kidogo, maana nimefundisha hesabu miaka mingi na ile hesabu yake ilikuwa sawasawa. Leseni ya udereva nchini, tangu Julai 2019, ni shilingi 70,000 kwa miaka mitano. Kabla ya hapo ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu. Faini tano za elfu kumi ni hamsini. Hakuna pa kumkosoa. Kosa lake liko katika kile alichokiacha nje ya jumla, na nadhani wenye pikipiki wengi wa Mwanza wanakiacha hukohuko nje.

Tuanze na hiyo elfu kumi yenyewe, inanunua nini?

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Usalama Barabarani, sheria ya mwaka 1973 ambayo leo ni Sura ya 168, kinakataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni halali inayohusu chombo cha aina hiyo. Kosa hilo ni la jinai. Linaweza kwenda mahakamani, na kila siku yapo yanayokwenda. Ila sheria hiyohiyo imeweka njia ya mkato kwa makosa ya barabarani: askari anakuandikia, wewe unakubali kosa, unalipa kiasi kilichopangwa, mnaachana. Anayebisha ana haki ya kwenda kumwambia hakimu. Miaka kadhaa kiasi hicho kilikuwa shilingi 30,000 kwa kila kosa, uwe na lori la tani thelathini au pikipiki ya kubebea mchicha. Katika bajeti ya mwaka 2021 Serikali ikaishusha kwa bodaboda na bajaji hadi 10,000. Magari yakabaki palepale.

Mimi niliunga mkono punguzo lile, na bado naliunga mkono. Kumtoza kijana wa Igoma sawa na mwenye basi la Dar es Salaam hakukuwa na haki yoyote. Lakini habari za bungeni zikifika kijiweni hubadilika sura. Pale Buzuruga ilifika kama bei mpya. Kwamba kupita bila leseni sasa ni elfu kumi, kama vile ushuru wa stendi. Na ukishalipa, unapewa risiti, na ile risiti inakunjwa vizuri na kuwekwa mfukoni ili ukikutana na trafiki wa Nyegezi umwonyeshe kuwa "leo nimeshaandikiwa".

Risiti hiyo haina kazi hiyo. Inafunga kosa la Mkuyuni saa tatu asubuhi. Ukiwasha pikipiki na kusogea mita mia, umetenda kosa jipya, maana leseni bado huna. Kwa utaratibu, chombo kilitakiwa kiondolewe pale na mtu mwenye leseni. Haifanyiki hivyo, sote tunajua. Askari mmoja kwenye makutano yenye foleni hawezi kungoja binamu aje na leseni kutoka Usagara. Kwa hiyo kijana huondoka kama alivyokuja, na sheria inaonekana kama imemruhusu.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Deni la faini hutafutwa kwa namba ya usajili wa chombo. Mwenye leseni, akiandikiwa, kosa lake linabaki likisomeka pia kwenye leseni yake, na akiyarudia makosa mazito mahakama ina uwezo wa kumfungia au kumfutia kabisa. Asiye na leseni hana pa kuandikiwa. Hana cha kufungiwa. Anayekumbukwa ni pikipiki, na pikipiki ina mwenyewe. Ndiyo maana yule kijana alikuja getini mikono mitupu akiwa mtulivu kabisa: aliyekuwa anadaiwa ni mzee. Mfumo wetu, kwa namna fulani ya kuchekesha, humkaba zaidi aliyejisajili kuliko aliyekimbia usajili.

Sasa neno "hana leseni" lenyewe. Tunalitumia kwa watu ambao mbele ya sheria hawafanani hata kidogo.

Yupo aliyeisahau nyumbani. Huyu leseni anayo, alichokosa ni kuionyesha, na siku hizi taarifa zake zinaonekana kwenye mfumo. Yupo ambaye imekwisha muda. Hawa wataongezeka, kwa sababu leseni za kwanza za miaka mitano, zile zilizotolewa kuanzia Julai 2019, zilianza kuisha Julai 2024. Mtu alizoea kuikumbuka kila baada ya miaka mitatu, akapewa mitano, akasahau kabisa. Yupo aliyefungiwa na mahakama na bado anaendesha, na huyo anaidharau amri ya mahakama, kosa zito kuliko la aliyesahau tarehe. Na yupo ambaye hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe.

Halafu yupo wa daraja tofauti, na kwa ukanda wetu wa Ziwa huyu ndiye wa kumwangalia zaidi. Leseni zetu zimepangwa kwa herufi. A ni ya pikipiki. D ni ya magari madogo ya binafsi. Kundi la C na vijigawanyo vyake ni la kubeba abiria kwa malipo, E ni la malori. Sasa simama barabara ya Sengerema au ile ya Geita, hesabu michomoko inayopita. Gari dogo limejaa watu mpaka buti, kuku chini ya miguu, mama mwenye mtoto amekalia nusu ya kiti cha dereva. Muulize dereva, atakutolea leseni kwa fahari, na ni ya kweli, ya TRA, ina picha yake. Ni D. Amesomea kumpeleka mkewe sokoni. Kwa safari hii ya watu tisa waliolipa nauli, hana leseni, kama vile tu yule wa Mkuyuni.

Zamani kivuko cha Kigongo kilitusimamisha sote, na katika kusubiri kule angalau mtu alikuwa na muda wa kumtazama dereva wake vizuri. Tangu Rais Samia alipofungua daraja pale mnamo Juni 2025, tunapita kilomita tatu za maji kwa dakika chache. Silalamiki. Nimepoteza saa nyingi mno za maisha yangu pale Kigongo nikila mahindi ya kuchoma kuweza kulalamika. Nasema tu kwamba mchomoko sasa una barabara ndefu isiyo na kituo, na dereva wa D ana abiria wengi zaidi.

Turudi kwa mzee na jumla yake. Alichokiacha nje ni siku ya ajali.

Siku ile haina elfu kumi. Tuseme kijana anatoka Nyegezi na abiria, anamkwepa mwenye baiskeli, anamgonga mama aliyekuwa akivuka na beseni la nyanya. Mguu umevunjika mara mbili. Polisi wanatoa PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, mama anapelekwa hospitali ya Bugando, anawekewa vyuma. Kwa kijana, polisi wakiona ushahidi, kuna shitaka la kuendesha kwa hatari au kwa uzembe na kusababisha majeraha, na chini yake shitaka la pili la kutokuwa na leseni. Lile la pili, ambalo kwenye makutano ya Mkuyuni lilikuwa la elfu kumi, sasa liko mbele ya hakimu, na hakimu halazimiki kufuata bei ya kijiweni. Akiona kwamba mshtakiwa hakuwahi kufundishwa wala kupimwa, hiyo humwongezea uzito anapofikiria adhabu ya kosa kubwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wengi wa kuandika huliruka. Kutokuwa na leseni peke yake hakuthibitishi kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali. Mahakama huuliza ajali imetokeaje. Kijana asiye na leseni aliyesimama kwenye taa nyekundu akagongwa kwa nyuma na lori, hakusababisha kitu; atajibu kosa la leseni, na dereva wa lori atajibu la kwake. Nimewahi kusikia mtu akimwambia bodaboda aliyelala na jeraha, "wewe huna leseni, huna haki ya kudai." Huo ni uongo wa wenye kutaka kukwepa kulipa, na umewanyima watu wengi fidia yao halali kwa woga tu. Lakini tuwe wakweli pia: asiye na leseni akifika mbele ya polisi na mashahidi, anaanza akiwa amepungukiwa. Kila anachoeleza kinapimwa na sikio lililokwisha kumshuku.

Na sasa bima, ambako mzee wangu anadhani amejificha salama.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo kinachotembea barabarani kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi imekuwa ikigharimu 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Wengi huilipa wakifikiri wamenunua stika ya kumwonyesha trafiki. Wachache mno wamewahi kusoma hati yake. Kwenye hati nyingi utakuta kipengele kinachotaja nani anaruhusiwa kuendesha: mwenye bima, au mtu mwingine aliyepewa ruhusa naye, mradi mtu huyo awe na leseni ya chombo hicho au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo.

Yasome tena yale maneno "aliwahi kuwa nayo". Ndiyo yanayomtenga aliyesahau kuhuisha na asiyewahi kabisa. Wa kwanza ana pa kushika akibishana na kampuni. Wa pili hana. Kama ni bima kubwa, kampuni inaweza kukataa kukutengenezea gari, na barua yake itakuwa fupi. Kama ni bima ndogo, kuna mama wa nyanya katikati, ambaye sheria iliwekwa kwa ajili yake. Kampuni inaweza kupinga dai, na hata ikilazimika kumlipa kwa hukumu ya mahakama, inaweza kumgeukia mwenye chombo aliyevunja masharti na kumwambia: tulicholipa, turudishie. Kwa hiyo amelipa bima kila mwaka na bado deni limerudi getini kwake Buhongwa, likimkuta pale kwenye bao.

Atasema hakuwa yeye anayeendesha. Ndilo jibu la kila mwenye chombo, na nimelisikia hata kwa watu wasomi. Kwanza, kifungu cha 19 hakimgusi dereva tu. Kinamgusa pia mwenye chombo, au mtu mwenye chombo mikononi mwake, anayemruhusu asiye na leseni kukiendesha. Aliyetoa ufunguo akijua ametenda kosa lake mwenyewe, mbali na la kijana. Pili, kwenye madai ya fidia, kanuni ya kale ni kwamba mwenye kazi hujibu kwa kosa la aliyemtuma akiwa kwenye kazi hiyo. Pikipiki ilikuwa ikitafuta hesabu ya nani? Kadi ina jina la nani? Wapo wanaojitetea kwamba kijana si mfanyakazi, yuko kwenye mkataba, akimaliza miezi kumi na minane pikipiki ni yake. Ni hoja, na wakili mzuri anaweza kuifikisha mbali kiasi. Lakini mpaka siku hiyo ifike kadi ni ya mzee, na mwenye jina kwenye kadi ndiye wa kwanza kujieleza. (Kwa njia hiyohiyo, wewe uliyeuza pikipiki miaka mitatu iliyopita kwa mtu wa Magu na hamkubadilisha jina kwenye kadi, kaa ufikirie.)

Na mahakama ikitoa hukumu ya fidia, kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, hakumwendi asiye na kitu. Kijana ana viatu vya mvua na simu yenye kioo kilichopasuka. Wakili wa mama wa nyanya atauliza nani ana nyumba. Nani ana pikipiki mbili zilizobaki.

Mzee aliponisikiliza hadi hapo alinijibu kitu kilichonikwamisha. "Mimi wangu wawili wana leseni," alisema. "Huyu wa Mkuyuni hata si wangu. Ni deiwaka."

Yaani kijana wake halali aliamka na homa, akampa pikipiki mdogo wa rafiki yake apige siku, jioni wagawane. Mzee hakuambiwa. Mfumo mzima wa bodaboda na daladala Mwanza unasimama juu ya deiwaka. Mtu hawezi kukaa juu ya pikipiki saa kumi na tano siku saba. Kwa hiyo unaweza kuwa umefanya kila kitu vizuri, umekagua leseni, umepiga nakala ya kitambulisho, umemjua mpaka mjomba wake wa Kwimba, na saa nne asubuhi pikipiki yako iko chini ya mtoto wa miaka kumi na saba usiyemjua jina.

Sisi watu wa Ziwa hatuhitaji kuelezwa ubaya wa usukani kuachiwa mtu mwingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kujaza kupita kiasi kulitosha kuwa janga, lakini Rais Magufuli alipozungumza na taifa siku iliyofuata alisema ameelezwa jambo jingine: kwamba nahodha hakuwamo chomboni, usukani alimwachia mtu ambaye hakuwa na mafunzo ya kutosha. Nilikuwa sebuleni kwangu nikitazama, na mke wangu, mtu wa Ukerewe, akasema neno moja tu kwa sauti ndogo: deiwaka.

Chombo kina mtu aliyethibitishwa, na karatasi zinamtaja. Siku ya tukio yeye hayupo. Kwa upande wa barabarani sheria imeliona hilo kwa kiasi, ndiyo maana inasema mwenye chombo au aliye nacho mikononi. Kijana mwenye leseni aliyempa deiwaka asiye nayo anaingia hapo moja kwa moja. Yeye mwenye homa yake, kitandani Mabatini, ametenda kosa. Mzee ambaye hakujua ana utetezi upande wa jinai, maana huwezi kuruhusu usichokijua, ingawa akishaambiwa mara moja, na akaendelea kupokea hesabu bila kuuliza nani alikuwa juu ya pikipiki, utetezi huo unaanza kuchakaa. Upande wa fidia, kutojua kwake kutabishaniwa sana, na atayabishania akiwa na wakili anayelipwa.

Kwa nini basi kijana hachukui leseni? Ukigawa 70,000 kwa siku za miaka mitano unapata shilingi 38 kwa siku, chini ya bei ya pipi. Lakini hakuna anayelipa leseni kwa siku. Analipa kwa mkupuo, na kabla ya hapo kuna ada ya shule ya udereva, leseni ya kujifunzia, jaribio la polisi, namba ya mlipakodi, na kabla ya namba ya mlipakodi kuna kitambulisho cha taifa, ambacho kwa kijana aliyetoka kijijini na cheti cha kuzaliwa kilicholiwa na mchwa ni safari nyingine ya peke yake. Zaidi ya pesa kuna siku. Akikaa darasani wiki tatu, na hesabu ni elfu nane, mzee anamdai 168,000 ambazo hakuzitafuta. Mkataba wa pikipiki hauna likizo ya kwenda kusoma. Nikitazama hivyo, naona kwamba anayemzuia kijana kupata leseni mara nyingi ni yuleyule atakayelia siku ya ajali.

Wengine huchukua njia ya uani: leseni ya kununua kwa mtu wa stendi. Sitakaa hapo muda mrefu. Ikiwa imeghushiwa, kosa la barabarani limekuwa kosa la Kanuni ya Adhabu, na kughushi na kutumia hati ya kughushi si mambo ya kuandikiwa na kulipa kwa simu. Bima nayo itaiona siku moja tu baada ya dai kufika. Na yule anayempa afande "ya maji" ili aachwe, ajue Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Anajua. Anatoa hivyohivyo, kwa sababu elfu mbili ni ndogo kuliko kumi, na kwa hesabu ya siku moja yuko sahihi, kama mzee wangu.

Nisije nikaonekana nawasema maskini tu. Jumapili jioni shuka Capri Point uone magari mazuri yanavyoendeshwa na watoto wa kidato cha tatu, baba amekaa pembeni anacheka na kurekodi. Ndani ya ua wake afanye atakavyo. Geti likifunguliwa, pale ni barabarani, na aliye na chombo mikononi ni yeye baba. Bima yake kubwa, aliyoilipia mamilioni, ina kipengele kilekile cha leseni. Tofauti ni kwamba huko trafiki hasimami sana.

Mwishoni tulikubaliana na mzee tuandike upya mkataba wake na vijana. Niliandika vipengele viwili, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Cha kwanza: mwenye pikipiki atalipia shule na leseni ya kijana kabla ya kumkabidhi ufunguo, na atazikata kidogokidogo kwenye hesabu kwa miezi sita, na siku za mafunzo hazidaiwi hesabu. Alikisoma taratibu, akapiga mahesabu kwenye simu, akakubali. Alisema hata yeye hakujua kuwa wiki tatu zile ndizo zilizokuwa kikwazo. Alidhani ni uvivu.

Cha pili kilisema: pikipiki isikabidhiwe deiwaka yeyote mpaka mwenye pikipiki apigiwe simu na kutumiwa picha ya leseni yake. Hapo alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu," akasema, "hawa hubadilishana saa kumi na moja alfajiri. Na simu yangu hii ni ya kitochi. Hiyo picha nitaionea wapi?"

Kwenye mkataba uliosainiwa kipengele cha pili hakimo.